Hewa Iliyotakata kwa Amri

Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea duniani, lilitokea jambo moja ambalo watu walilishangaa sana, kisha wakalisahau upesi. Serikali za nchi nyingi zilifunga miji yao. Viwanda vilinyamaza, magari yakalala, ndege zikabaki chini, na watu wakaamriwa wasitoke majumbani. Haukupita muda mrefu, hewa ya miji ile ikatakata. Mji wa Wuhan katika China ulifungwa tarehe 23 Januari, na wiki chache baadaye setilaiti za Marekani na za Ulaya zilionyesha kwamba naitrojeni dayoksaidi, ile hewa chafu itokayo katika injini za magari na matanuri ya viwanda, imepungua mno juu ya nchi ile. India ilifungwa tarehe 25 Machi, na watu wa Jalandhar, mji mmoja wa Punjab, wakaona kwa macho yao vilele vya theluji vya safu za Himalaya, ambavyo vijana wengi wa mji huo hawakupata kuviona kutoka nyumbani kwao. Mwezi Aprili zikaenea picha za Mlima Kenya jinsi ulivyoonekana kutoka Nairobi, umbali wa kilomita 150 hivi. Wengine walibisha, wakasema mlima ule huonekana hata siku nyingine, asubuhi ikiwa njema. Neno lao lina ukweli. Lakini huenda wengi hawakuwa na desturi ya kuinua macho na kuutazama.

Leo twataka kuuliza swali moja juu ya jambo hilo, nalo ni swali la maadili kuliko la sayansi. Je, hewa ile safi ilikuwa jema la kushangiliwa? Na kama ilikuwa jema, yatupasa nini sisi ambao hatukufungiwa?

Swali hili hatukulipata katika vitabu. Tulilipata Kibaoni, katika nchi ya Wapimbwe, kusini ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Tulikuwa tumekaribishwa katika nyumba moja, na kijana wa nyumba hiyo alituonyesha katika simu yake picha za mwaka 2020 alizokuwa amezihifadhi. Bibi yake alikuwa jikoni akipuliza kuni zilizokataa kuwaka. Alipotoka, akifuta machozi ya moshi kwa ncha ya kanga, kijana alimpa simu naye atazame, akamweleza habari za watu waliofungiwa ndani hata hewa ikawa safi. Bibi alitazama kitambo, akamrudishia mjukuu simu yake, akatugeukia sisi. “Baba Padre,” alisema, “hao walifungiwa miezi michache, hewa yao ikatakata. Mimi nimefungiwa humu jikoni tangu nilipoolewa. Mbona yangu haijatakata?”

Hatukuwa na jibu. Tulisema, “Ni kweli, bibi,” tukala chakula chake, tukaaga. Lakini neno lile lilituandama njia nzima mpaka Mpanda, na mpaka leo halijatuachia. Basi tutajaribu kulijibu hapa mbele ya wasomaji wetu, hatua kwa hatua.

Kwanza, yatupasa kuliepuka kosa moja. Siku zile walikuwapo watu, hasa katika nchi tajiri, waliosema kwamba dunia inapona, na kwamba mwanadamu ndiye ugonjwa wake. Maneno hayo yana ladha ya hekima, lakini ndani yake mna sumu. Ayasemaye hujiweka mwenyewe kando. Hamaanishi kwamba yeye ni ugonjwa, wala mama yake, wala watoto wake. Amaanisha watu wengine, wale walio wengi asiowajua. Tena asahau kuuliza hewa ile ilinunuliwa kwa bei gani, na nani aliyeilipa.

Tuitazame bei hiyo. Huko India, vibarua kwa mamia ya maelfu walijikuta siku moja hawana kazi, hawana kodi ya chumba, wala hawana gari la kuwarudisha kwao. Wakafunga mizigo yao, wakawabeba watoto mabegani, wakatembea kwa miguu mamia ya kilomita kurudi vijijini, na wengine walifia njiani. Huko Uganda, magari ya watu binafsi yalikatazwa mwisho wa mwezi Machi, na pikipiki za bodaboda zikakatazwa kuchukua abiria. Wanawake wauzao vyakula sokoni waliambiwa kwamba wakitaka kuendelea na biashara yao wasirudi nyumbani, bali walale pale pale sokoni. Basi hewa ya Kampala ilipunguza uchafu wake wakati akina mama wamelala juu ya magunia, mbali na watoto wao.

Liko na jingine, ambalo picha za mlima hazikulionyesha. Katika mtaa wa Mukuru, Nairobi, watafiti waliwauliza watu habari za maisha yao wakati wa amri zile. Karibu nyumba zote zilikuwa zimepungukiwa na pato. Na yapata robo ya wale waliokuwa wakipikia gesi walikuwa wamerudia mafuta ya taa au kuni, kwa kuwa fedha ya gesi haikupatikana tena. Angalieni, basi: katika mji ule ule, na katika miezi ile ile, hewa ya barabarani ilitakata, na hewa ya ndani katika nyumba za maskini ikachafuka. Kwao moshi haukuondoka. Ulihama tu, ukatoka mahali unapoonekana na watu wote, ukaingia mahali usipoonekana ila na yule aupumuaye.

Kwa hiyo twasema wazi: baya halishukuriwi kwa sababu jema limetoka ndani yake. Nyumba ya mtu ikiungua, naye akafukua majivu akaokota sarafu aliyoipoteza zamani, atafurahi kuipata sarafu yake. Lakini hatasema ilikuwa heri nyumba iungue. Ugonjwa ulikuwa msiba, na njaa iliyofuata amri ilikuwa msiba juu ya msiba. Anayeutamani tena msiba ule kwa ajili ya kuona mlima, ameupenda mlima kuliko jirani yake.

Pili, yatupasa kuliepuka kosa la kudhani kwamba miji ile ilikuwa imetubu. Aristotle, na baada yake Mtakatifu Tomaso wa Akwino, walifundisha kwamba tendo jema halitoshi peke yake kumfanya mtu awe mwema. Yampasa mtendaji ajue anachokitenda, akichague kwa hiari kwa sababu ni chema, na tena adumu nacho kwa moyo thabiti. Mambo haya matatu yakikosekana, kilichoko ni sura ya wema tu, wala si fadhila. Mlevi aliyetiwa gerezani hanywi pombe. Lakini hatumwiti mtu mwenye kiasi. Tungojee siku atakapofunguliwa mlango, tuone miguu yake itaelekea wapi.

Nayo miji, milango ilipofunguliwa, tuliona miguu yake ilikoelekea. Kwa mwaka mzima wa 2020, hewa ya kaboni dayoksaidi itokayo katika makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa duniani ilipungua kwa asilimia 5 hivi, kadiri isiyopata kuonekana tangu vita kuu ya pili. Mwaka uliofuata, 2021, ilipanda ikarudi palepale ilipokuwa. Huko Delhi, lile vumbi laini la hewani lililokuwa limepungua kwa karibu nusu wakati wa amri lilirudi. Na ilipofika Novemba ya mwaka ule ule, wakulima wa Punjab na Haryana walipochoma mabua ya mpunga kama ilivyo desturi yao, mji ulifunikwa tena na moshi hata jua likawa jekundu. Hakuna aliyekuwa amechagua kitu. Amri ilikuja, ikaenda, na hewa ilikwenda pamoja nayo.

Walakini liko kosa la tatu, nalo ndilo kubwa kuliko yote mawili. Ni kusema: basi, maadam ilikuwa bei mbaya, na maadam haikudumu, haikuwa kitu, tuendelee kama zamani. La hasha! Hewa ile haikuwa fadhila, lakini ilikuwa ushahidi. Na ushahidi ukishatolewa barazani, aliyeusikia hawezi tena kusema hajui.

Ilishuhudia nini? Ilishuhudia kwamba uchafu wa hewa ni tendo. Mtu wa Delhi alizaliwa katika moshi, akasoma katika moshi, akaoa katika moshi, akawazika wazazi wake katika moshi. Aliuona kuwa sehemu ya mbingu, kama mawingu. Kwake kulalamika juu ya moshi kulikuwa kama kulalamika juu ya usiku. Kisha katika siku chache, pasipo upepo wa ajabu wala mvua ya masika, moshi ukapungua, kwa sababu tu watu waliacha kuufanya. Hapo ikajulikana wazi kwa kila mwenye macho: hatukuumbiwa moshi huu, twautengeneza. Na jambo tulitengenezalo kwa mikono yetu, laingia katika hesabu ya matendo yetu, nasi twaweza kuulizwa habari zake.

Tafauti hii ni kubwa sana katika maadili. Hapana mtu awezaye kulaumiwa kwa tetemeko la ardhi. Lakini lile tulilolidhani kuwa tetemeko likionekana kuwa ni sisi wenyewe tunaotikisa nyumba, neno la “ndivyo ilivyo” halitufai tena. Twaweza kuwa na udhuru mwingine, udhuru wa kutokuwa na uwezo. Nao tutaupima kwa haki. Lakini udhuru wa majaaliwa umekwisha.

Sasa turudi kwetu. Tanzania haikufuata njia ya kufungia watu majumbani. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Shule zilianza kufungwa siku ya pili yake, na vyuo vikafuata. Lakini mashamba, masoko, barabara na makanisa vilibaki wazi, na mwisho wa Juni wanafunzi walikuwa wamerudi madarasani. Hoja kubwa iliyotolewa ilikuwa kwamba watu wengi hula jioni walichokipata mchana, na kuwafungia ni kuwatia njaani. Kupima njia ile katika mambo yake yote si kazi ya makala hii. Twataka kusema hili tu: kwa kuwa hatukufungiwa, hatukuletewa ushahidi mlangoni kwetu. Hakuna asubuhi ambayo mtu wa Kibaoni aliamka akashangaa kuona mlima.

Tena hata kama tungalifungiwa, Kibaoni isingalitakata. Hapana viwanda vya kuzima hapo, wala foleni za magari. Moshi wa Kibaoni, kama ule wa vijiji vyetu vingi, ni wa namna tatu. Wa kwanza ni wa jikoni: mafiga matatu, kuni mbichi, chumba kidogo chenye mlango mmoja na paa jeusi. Wa pili ni wa mavuno: bonde lile lalima mpunga, na baada ya kupura na kukoboa, mabua hutiwa moto mashambani, na marundo ya pumba karibu na mashine hufuka siku nyingi, usiku na mchana. Wa tatu ni wa porini: tangu mwezi wa Mei hata mvua za kwanza, moto hutembea katika miombo. Mwindaji ameuwasha, au mrina asali ameuacha nyuma yake, au mfugaji ataka majani mapya, au mkulima asafisha shamba na upepo ukamshinda. Katika eneo lote la dunia linaloungua kila mwaka, zaidi ya nusu limo barani Afrika, na misitu na mbuga za nchi yetu ya magharibi zina sehemu yake. Mwezi wa Septemba milima ya ukingo wa Ufipa hupotea ndani ya ukungu wa moshi; na mvua ikinyesha mara mbili tatu, hurudi. Kwa hiyo sisi nasi tunao mlima wetu unaofichwa na kufunuliwa. Mvua hutupa kila mwaka ushahidi ule ambao Jalandhar ilipewa mara moja, nasi twautazama tukisema, “Mwaka huu mvua imewahi.”

Katika namna hizo tatu, ule wa jikoni ndio uuao zaidi. Wataalamu hupima vumbi laini la moshi, ambalo chembe zake ni nyembamba kuliko unywele mara ishirini na zaidi, hata zapenya mpaka ndani kabisa ya mapafu na kuingia katika damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kwa wastani wa mwaka vumbi hilo lisizidi maikrogramu 5 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Katika jiko la mafiga lisilo na mahali pa kutokea moshi, kipimo hupanda wakati wa kupika hata kufikia mamia, na pengine kupita elfu moja. Shirika hilo hilo lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 duniani, na miongoni mwao watoto zaidi ya 237,000 wasiotimiza miaka mitano. Mwaka ule ule vifo vya UVIKO-19 vilivyotangazwa vilikuwa yapata milioni 1.8, ijapokuwa Shirika lilikadiria kwamba hesabu ya kweli ilifika milioni 3 au zaidi.

Wasomaji na wazilinganishe hesabu hizo mbili, kisha waulize dhamiri zao. Kwa balaa moja dunia nzima ilisimama, na kwa haki, maana watu walikuwa wakifa. Kwa balaa la pili, lililo karibu sawa nalo, dunia haikusimama hata saa moja. Kwa nini? Twaona sababu mbili. La kwanza lilikuwa geni, na la pili ni la kila siku. La kwanza liliweza kumpata waziri na tajiri. La pili humpata mama apikaye, na mtoto aliyefungwa mgongoni mwake. Basi yule bibi wa Kibaoni alikuwa amelisema neno lote kwa ufupi kuliko sisi.

Tujibu sasa udhuru ule wa uwezo. Watu husema: “Maskini hana hiari. Gesi ni ghali, umeme ni ghali. Kuni ni za bure. Kwanza waanze matajiri, maana moshi wa magari na viwanda vyao ni mwingi kuliko wetu.” Twakubali sehemu kubwa ya neno hili. Hewa inayoharibu majira ya dunia haikutoka kwanza katika mafiga ya Kibaoni, wala si haki kumdai mjane deni la viwanda vya ng’ambo. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si’ ya mwaka 2015, aliutaja moshi wa jikoni miongoni mwa mambo yanayoumiza afya, hasa ya maskini. Akautaja kama maumivu yao, wala si kama kosa lao. Tena ni kanuni ya zamani katika maadili kwamba hapana adaiwaye asichokiweza.

Lakini kanuni hiyo ina upande wa pili: kila mmoja hudaiwa kile anachokiweza. Na hapo ndipo tuulizane bila kuoneana haya. Kuni zikikatwa mapema na kuanikwa zikauke, moshi wake hupungua sana. Je, hilo lataka fedha? Maharage yakilowekwa tangu usiku, na chungu kikifunikwa, moto hutumika muda mfupi zaidi. Je, hilo lataka mfadhili? Kutoboa dirisha la pili jikoni, au kuhamishia mafiga chini ya kibanda cha wazi wakati wa kiangazi, ni kazi ya mchana mmoja. Jiko banifu la udongo lenye dohani laweza kujengwa na mafundi wa kijijini. Mabua ya mpunga yaweza kuachwa yaoze shambani, yakarutubisha ardhi, badala ya kugeuka moshi. Na moto wa pori, ukiwa ni lazima, huwashwa mapema wakati majani yangali na unyevu, watu wakiwa wameulinda, wala hauachiwi upepo wa Septemba.

Nasi twawauliza akina baba neno moja zaidi. Katika nyumba nyingi, fedha ya mavuno ikiingia, hununuliwa simu, redio kubwa, pikipiki, na bati jipya la sebule. Twasifu bidii hiyo. Lakini jiko hubaki lilivyokuwa siku ya harusi. Si kwamba fedha haikuwapo. Ni kwamba aliyeigawa hakai jikoni. Basi hapa hiari ilikuwapo, ila ilikuwa ya mtu mmoja, na moshi ukawa wa mtu mwingine. Huu ndio mzizi wa jambo lote, Kibaoni, Delhi na Nairobi pia: uchafu wa hewa hudumu kila mahali ambapo mwenye kuchagua si yule mwenye kuvuta pumzi.

Wala tusiwanyoshee kidole akina baba peke yao. Sisi tuandikao haya tulikaa miaka mingi katika seminari kuu, tukisoma habari za tendo la hiari, na sharti zake, na vizuizi vyake. Kila siku tulikula ugali na maharage, vikafika mezani kwa wakati. Hatukumbuki kwamba tuliwahi hata mara moja kuingia katika jiko lile kumtazama aliyepika, tujue kama alikuwa akikohoa. Tulijibu vizuri katika mitihani. Leo twaona kwamba swali kubwa lilikuwa nyuma ya ukuta, nasi hatukulisikia harufu yake kwa sababu upepo ulikuwa ukivuma upande mwingine.

Kwa upande wa Serikali, mwezi Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa miaka kumi hata 2034, wenye shabaha kwamba Watanzania 80 katika kila 100 wawe wakipikia nishati safi. Shabaha ni njema, maana leo walio wengi sana hupikia kuni na mkaa. Lakini shabaha haiwashi jiko. Mtungi wa gesi unaotolewa kwa sherehe mara moja, kisha ukakaa mtupu pembeni kwa kuwa kuujaza ni ghali au duka liko mbali, ni picha ya mlima nyingine: yapendeza kutazamwa, wala haimwondolei mtu moshi. Ikiwa ni amri, basi na iwe amri yenye haki, inayompa maskini njia kabla ya kumfungia njia.

Maana hatusemi kwamba sheria ni adui wa hiari. Mji wa Kigali, tangu mwaka 2016, umekuwa na siku yake ya kuacha magari: barabara fulani hufungwa asubuhi ya Jumapili, na watu wa kila cheo hutembea na kukimbia humo pamoja. Mwaka 2020 barabara zile zile zilikuwa tupu kwa sababu ya hofu. Mtu aliyezitazama kutoka juu siku hizo mbili angaliweza kudhani ameona kitu kimoja. La, alikuwa ameona vitu viwili. Katika siku moja watu walizuiwa na msiba, wasijue mwisho wake, na mzigo wake ukamlemea zaidi aliye dhaifu. Katika siku ya pili watu wanajua wanachokiacha, wanajua kwa nini, mzigo ni mdogo na umegawanywa kwa wote, na baadaye wanaweza kufanya hivyo tena. Sheria ya namna ya pili hufundisha hiari, kama baba amshikaye mtoto mkono mpaka ajue kutembea.

Basi, jibu letu kwa swali tulilouliza mwanzoni ni hili. Hewa ile ya mwaka 2020 ilikuwa jema, lakini jema lililonunuliwa kwa machozi ya wengine. Hatuna ruhusa ya kulishangilia kana kwamba lilikuwa bure. Haikuwa fadhila, maana haikuchaguliwa, wala haikudumu. Lakini ilikuwa ushahidi wa kweli kwamba moshi ni tendo la watu, na tendo la watu laweza kuachwa na watu. Yule asiyefungiwa, ambaye mlango wake uko wazi na mikono yake i huru, ndiye adaiwaye zaidi; maana yeye aweza kulitenda kwa hiari jambo ambalo wengine walitendeshwa kwa amri.

Na kwa yule bibi wa Kibaoni, ambaye siku ile hatukumjibu, twasema hivi: Bibi, hewa yako haijatakata kwa sababu sisi tuliokuwa na nafasi ya kuchagua tulikuwa tumeketi sebuleni tukingoja chakula. Tumeanza kwa kuliandika hilo mahali ambapo wanao na wajukuu wako watalisoma. Kiangazi kijacho, tukijaliwa uzima, tutapita tena kwako. Nasi tutaomba kuingia kwanza jikoni.